Nani kasema stelingi hafi?

Ingia banda lolote la video hapa Kigoma, Kibirizi, Gungu, Katubuka, Ujiji kule, popote, kuna sheria ambayo hata dogo wa darasa la pili anaijua kabla hajajua kusoma vizuri: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akasalitiwa na rafiki yake, demu wake akatekwa, na watu wametulia tu wanakula karanga maana wanajua jamaa anarudi. Ukiona mtu mzima anasikitika stelingi kapigwa ujue huyo ndo mara yake ya kwanza kuingia bandani. Na ina vijisheria vyake pembeni, adui mkubwa anakufa mwisho kabisa na anakufa vibaya kuliko wote, anayesema nikimaliza hii kazi naenda kuoa huyo hafiki hata kwenye posa, polisi wanafika mambo yameshaisha, na mtu mweusi kwenye muvi ya kizungu usimzoee sana.

Mi nimekua na hizo sheria. Nimefanya kazi kwenye laibrari ya CD maeneo ya Mwanga enzi zile watu wanaazima kwa siku na ukichelewesha unalipa faini, kabla flashi hazijaja kutuua, kwahiyo najua muvi zipi watu walikua wanazirudisha wanagomba na zipi wanarudisha wamepoa, wanaegemea kaunta, wanauliza kama kuna nyingine ya hivi. Na nilichokuja kugundua kwenye muvi za taharuki, zile za kukufanya usahau hata mkojo, ni kwamba hizo sheria haziko kwenye muvi, ziko kichwani mwa anayeangalia. Dairekta anazijua, anajua unazitegemea, na yule mwenye akili anakuja kukunyang'anya hicho hicho ulichokitegemea. Sawa, haina shida, ninyang'anye. Swali langu huwa moja tu: umenichukulia stelingi wangu, umenilipa nini? Maana kuna waliolipa na kuna waliotokomea na deni.

(Natoboa siri za muvi kibao humu. Kama una roho nyepesi ishia hapa hapa.)

Tuanze na baba yao. Alfred Hitchcock, Muingereza aliyehamia Marekani, mwaka 1960 anatoa Psycho. Janet Leigh wakati huo ni staa anayejulikana, kawekwa kwenye mabango, watu wamekuja kumuangalia yeye. Anacheza kama Marion, karani wa ofisi, anapewa dola 40,000 azipeleke benki, hazipeleki, anakimbia nazo. Polisi wa barabarani anamtilia mashaka, anabadilisha gari, na wewe hapo umekaa unapiga hesabu atakamatwa lini na atakamatiwa wapi. Mvua inamkuta njiani, anaingia moteli moja imejitenga, kijana mwenye moteli mpole, Norman, anamuandalia mkate na maziwa, wanaongea, na baada ya maongezi Marion moyo unamsuta, anaamua kesho anarudisha hela. Anaingia kuoga. Anachomwa visu pale pale bafuni anakufa, na muvi haijafika hata nusu.

Yani stelingi kafa, tena kafa baada ya kuamua kutubu, tena hela uliyokua unaifuatilia muda wote haina kazi tena. Hitchcock alijua anachokifanya, ndo maana akaweka sharti kwenye majumba ya sinema kwamba muvi ikianza mlango unafungwa, haingii mtu. Zamani watu walikua wanaingia tu muda wowote, wanaikuta katikati wanakaa mpaka ijirudie ifike pale walipoikutia, sasa kwa muvi hii mtu akichelewa atakaa anamsubiri Janet Leigh mpaka taa zinawaka. Ile sini ya bafuni ilikula kama wiki nzima kuipiga. Damu ni sosi ya chokoleti, maana muvi yenyewe ni nyeusi na nyeupe so hakuna atakayejua. Na zile fidla zinazokwaruza mpaka meno yanauma, Hitchcock mwanzo hakuzitaka, yeye alitaka asikie maji na kelele basi, mtunzi wake wa muziki Bernard Herrmann akaziandika hivyo hivyo, mzee aliposikiliza akakubali kwamba hapa nilikosea.

Ila watu wakiiongelea Psycho wanaishia bafuni, na mi naona hapo ndo wanauacha utamu mezani. Fuatilia kinachofata. Norman anakuja kusafisha, na kamera haina haraka, anapiga deki, anafuta ukuta, anamviringisha marehemu kwenye pazia la bafu, anaingiza kwenye buti la gari, anaokota na gazeti lililobaki chumbani analitupia humo humo, hajui kama ndani ya gazeti kuna zile dola 40,000. Anasukuma gari kwenye bwawa la matope. Linazama, linazama, alafu linasimama. Paa liko nje kabisa linaonekana. Norman anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anatafuna kitu mdomoni haraka haraka.

Niliwaonyesha hii washikaji zangu wavuvi wa Kibirizi, ilikua mwezi mpevu. Kwa wasiojua, dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku kwa taa, sasa mwezi ukijaa taa hazimvuti, kwahiyo hizo siku vyombo vinapumzika na vijana wanatafuta pa kuupeleka usiku, ndo wakati mabanda yanajaa na ndo wakati sebule yangu inajaa. Mwanzo walilalamika muvi gani haina rangi. Gari liliposimama pale kwenye matope mmoja akaropoka, "Zama basi we!" Alafu kimya. Alafu kaka mmoja mtu mzima akamuuliza taratibu, dogo we uko upande wa nani?

Malipo ndo hayo. Hitchcock kakuulia stelingi, na ndani ya dakika kama kumi kakupa mwingine bila kukuuliza, na huyo mwingine ni mtu anayeficha maiti, na unamuombea afanikiwe. Hakukuibia kitu pale, amekuonyesha kwamba wewe bwana ukikalishwa karibu na mtu yeyote anayehangaika unaanza kumshangilia. Kuna mivi mingi imekuja kuua stelingi mapema baada ya hapo, mingi ilijifunza kuua tu, haikujifunza hiyo ya pili.

Huyo huyo mzee mwaka 1962 alikaa na dairekta wa Kifaransa, François Truffaut, wakapiga stori siku kadhaa, maongezi yakatoka kitabu mwaka 1966, na mle kuna mfano wake maarufu wa bomu. Watu wamekaa mezani wanaongea mambo yao ya kawaida, ghafla bomu linalipuka. Umeshtuka, sekunde 15, imeisha. Sasa chukua watu wale wale, maongezi yale yale ya kipuuzi, lakini mtazamaji kaonyeshwa mapema kwamba chini ya meza kuna bomu na saa ukutani inasema bado dakika 15. Hayo maongezi ya kipuuzi yanageuka mateso, unataka kuingia kwenye skrini uwaambie inukeni nyie.

Mi nikisoma hapo nacheka maana hiyo kazi bandani kwetu tulikua na mtu wake kabisa. Mtafsiri. Lufufu, DJ Mack na wengineo, zile muvi zao watu wa mjini wanazidharau eti wanaongea sana juu ya muvi. Bwana, mtafsiri ameshaiangalia muvi kabla yako. Anajua nani yuko nyuma ya mlango. Kwahiyo dairekta wa Hong Kong kapanga akushtue, mtafsiri anakuwahi, anakwambia huyu jamaa anaingia ndani anaimba, hajui mwenzie kashatangulia kalala chini ya kitanda na panga. Mshtuko wa sekunde mbili unageuka taharuki ya dakika nzima, banda zima linapiga kelele usiingie, na jamaa anaingia. Hakuna chuo kilichomfundisha hiyo.

Ila bomu nalo lina adabu yake, na aliyeivunja ni Hitchcock mwenyewe. Mwaka 1936, bado yuko Uingereza, katika muvi inaitwa Sabotage kuna kadogo kanatumwa kupeleka mzigo, hakajui kama ndani kuna bomu. Kanachelewa njiani, kanazubaa zubaa kama watoto wote, kanapanda basi, kanacheza na kijibwa cha abiria, saa inasogea, na wewe unajisemea watoto hawafi bwana, kitatokea kitu. Hakitokei kitu. Bomu linalipuka, kadogo kamekufa na basi zima. Watu walichukia sana na miaka baadae Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba pale alikosea, ukishamkaba mtu roho kiasi kile lazima umuachie apumue. Nakubaliana nae, hapo alichukua bila kulipa. Ingawa mjomba wangu mmoja anasema hiyo ndo muvi ya kweli pekee kuhusu bomu, maana bomu halichagui, na sina jibu la kumpa.

Sasa nije kwa Wahindi maana nikiwaruka hapa Kigoma sitapita mtaani salama. Drishyam. Ya kwanza kabisa ni ya Kimalayalam ya mwaka 2013, dairekta Jeethu Joseph, Mohanlal ndo stelingi, ile ya Ajay Devgn ambayo wengi wetu tumeiona ni ya 2015. Imerudiwa lugha kibao mpaka Wachina wameirudia. Kwa nini watu wa hapa wanaipenda kiasi kile? Stelingi ni mtu mwenye biashara ndogo ya kuunganishia watu kebo za TV, shule kaishia darasa la nne, elimu yake yote kaitoa kwenye muvi anazoangalia ofisini mpaka usiku wa manane. Yani ni sisi yule. Siku familia yake inaua mtu, na aliyekufa ni mtoto wa mkuu wa polisi, jamaa anaanza kutumia yale aliyoyaona kwenye muvi kupanga ushahidi.

Angalia sheria ngapi zimevunjwa hapo kimya kimya. Muvi ya upelelezi kawaida inakuficha muuaji, hii unamuona anavyoua, unajua sababu, unajua maiti inazikwa wapi. Mpelelezi kawaida ndo mtu wako, hapa mpelelezi ni mama aliyefiwa na mtoto na ana haki zote, na bado unamuombea ashindwe. Na hakuna ngumi, jamaa hapigi mtu, anapigwa yeye, anapigwa mpaka mkewe na watoto wanapigwa. Silaha yake ni tiketi za basi na kumbukumbu za watu, kwamba aliwapitisha pale siku ile, wakawaona, sasa wanaapia kabisa. Kwa masaa mawili na zaidi unadhani unajua kila kitu, kumbe kuna kitu kimoja tu kakuficha, maiti ilihamishwa, iko chini ya kituo kipya cha polisi. Aliyekuficha kapunja kidogo sana na kalipa kwa gunia zima. Nimewahi kuona mzee mmoja fundi cherehani anasimama kupiga makofi hapo.

Na Wahindi walianza zamani kuvunja. Kwenye muvi ya Kihindi sheria namba moja ni nyimbo, hata mtu akiwa anatafutwa na polisi atapata muda wa kuimba mlimani kabadilisha na nguo. Basi mwaka 1960, mwaka ule ule wa Psycho, B.R. Chopra akatoa Kanoon, muvi ya mahakamani ya mauaji haina wimbo hata mmoja. Mwaka 1969 mdogo wake Yash Chopra akafata na Ittefaq, Rajesh Khanna ndani, usiku mmoja, nyumba moja, hakuna nyimbo. Shangazi yangu aliyekulia sinema za Kihindi ukimwambia hivyo anakuuliza sasa hapo mtu anapumzika wapi? Na hiyo ndo pointi yenyewe shangazi, kapumzikie kwako.

Kitu kingine ni giza. Tumezoeshwa kwamba hatari inakuja usiku, kichochoro, mvua, paka anakatiza. Mwaka 1959 kwenye North by Northwest Hitchcock anamshusha Cary Grant kutoka kwenye basi, mchana kweupe, barabara imenyooka, mashamba makavu pande zote, hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hata muziki. Kasimama na suti yake anasubiri mtu asiyemjua. Magari yanapita. Mbali kule kuna kindege kinanyunyizia dawa shambani. Jamaa mmoja anayesubiri basi upande wa pili anamwambia ajabu, kile kindege kinapuliza dawa sehemu isiyo na mazao, alafu basi linakuja anapanda anaondoka. Umeelewa? Kichochoroni ungejua pa kuangalia. Pale hakuna pa kuangalia na hakuna pa kujificha. Yeyote aliyewahi kuachwa na gari kule maporini kati ya Uvinza na Nguruka saa saba mchana anajua hofu hiyo haina haja ya usiku.

Sasa ile iliyoniletea ugomvi kuliko zote. No Country for Old Men, ya ndugu wawili wa Coen, mwaka 2007, ikachukua Oscar nne ikiwemo ya muvi bora. Texas, mwaka 1980, jamaa anaitwa Moss yuko porini anawinda, anakuta watu wa dawa za kulevya wameuana, anaokota begi la dola milioni mbili. Anatumwa muuaji kumfata, Chigurh, Javier Bardem, nywele kama za mama wa kwaya, silaha yake ni mtungi wa hewa na kale kachuma ka kuulia ng'ombe machinjioni. Muvi karibu nzima haina muziki. Kwetu muziki ndo unakwambia kaa tayari, sasa humu unabaki unasikiliza mwenyewe. Moss kakaa hotelini kitandani na bunduki, taa kazima, anaangalia mwanga chini ya mlango. Nyayo zinakuja. Kivuli kinasimama mlangoni. Alafu nyayo zinaondoka, na taa ya korido inazimwa. Basi. Sebule yangu ilikua na watu wazima wanaokabiliana na mawimbi ya ziwa usiku na hakuna aliyekohoa.

Nikawa najiuliza hii muvi mtafsiri angeifanyaje, maana kazi yake ni kujaza ukimya, na humu ukimya ndo muvi yenyewe. Angeiua bila kujua.

Kumbe ugomvi bado. Tunasubiri Moss na Chigurh wakutane, si ndo sheria, stelingi na adui, sini ya mwisho, ngumi. Inakuja sini sherifu mzee, Tommy Lee Jones, anafika kwenye moteli moja, milio ya risasi, gari la Wameksiko linakimbia, anaingia anaangalia, Moss kalala chini kafa. Hatujaona akiuawa. Na hata hakuuawa na Chigurh! Jamaa zangu wakasema faili limeruka, rudisha nyuma. Nikarudisha. Wakasema hiyo flashi ina virusi. Nikawaambia hamna virusi, ndo alivyokufa. Alafu Chigurh anapata ajali ya gari, mfupa wa mkono umetoka nje, ananunua shati la mtoto barabarani analifunga, anaondoka zake kwa miguu. Haji polisi haji nani. Alafu sherifu kastaafu, yuko jikoni kwake anamsimulia mkewe ndoto mbili alizomuota marehemu baba yake, na muvi inaisha. Mmoja alivaa ndala akaondoka hajaaga.

Wamelipa au hawajalipa? Mi nasema wamelipa, ila wamemlipa mtu mwingine. Ukirudi kuiangalia unaona sauti ya kwanza kabisa kuisikia kwenye ile muvi ni ya yule mzee sherifu, anasema hawaelewi tena wahalifu wa siku hizi. Muvi ilikua ya kwake muda wote, sisi ndo tulimfata mwenye begi la hela kwa sababu tumezoea kufata begi la hela. Mzee kafika kachelewa, kama polisi wote wa kwenye muvi, tofauti ni kwamba safari hii tumekaa upande wa anayechelewa. Nimewaeleza hivyo wavuvi, wamenijibu wao walilipia begi.

Kuna aliyekataa kulipa kabisa na akajisifia. Michael Haneke, Muaustria, Funny Games ya 1997. Vijana wawili wapole wamevaa glavu nyeupe wanaiteka familia. Mama anafanikiwa kushika bunduki, anampiga mmoja, unashangilia, na mwenzake anatafuta rimoti anarudisha muvi nyuma, anampokonya ile bunduki kabla. Yani anairudisha muvi unayoiangalia! Akili kubwa, sikatai, alafu mwaka 2007 kairudia ile ile kwa Kiingereza karibu sini kwa sini. Lakini mi siipendi. Anakusomea risala kwamba we mtazamaji ni mbaya kwa sababu unapenda haya mambo, na aliyeyapika ni yeye. Hitchcock alinionyesha kitu hicho hicho kwa gari kwenye matope na hakunitukana.

Bong Joon-ho wa Korea Kusini ndo mwalimu mwingine. Wengi wanamjua kwa Parasite ya 2019, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya muvi bora, mi nakupeleka nyuma, Memories of Murder, 2003. Imetokana na mauaji ya kweli ya wanawake yaliyotokea Hwaseong kuanzia 1986 mpaka 1991, na wakati muvi inatoka muuaji hajapatikana. Sasa unafanyaje muvi ya upelelezi ambayo haina jibu? Yeye hakutunga jibu. Polisi mmoja wa kijijini anategemea ngumi na macho yake, anasema akimtazama mtu usoni anajua, mwenzake wa kutoka Seoul anategemea makaratasi, na wote wawili wanashindwa, mpaka yule wa makaratasi ndo anabaki anapiga watu. Miaka imepita, yule wa kijijini kaacha upolisi anafanya biashara, anapita kwenye mtaro walipookota maiti ya kwanza, mtoto anamwambia kuna mtu mwingine alikuja kuchungulia hapa hapa. Sura yake ikoje? Ya kawaida tu. Na Song Kang-ho, anayemuigiza huyo polisi, anageuka anakuangalia wewe. Bong alikua anawaza muuaji anaweza kuja kuiangalia muvi. Mwaka 2019 vipimo vya DNA vikampata, yuko jela tangu miaka ya 90 kwa kumuua shemeji yake. Hiyo ya kutazama kamera kawaida ni mchezo wa dairekta, humu ilikua ni kumtafuta mtu.

Get Out ya Jordan Peele, 2017, nitaigusa kidogo tu kwa sababu ya ile sheria ya mtu mweusi. Chris, kijana mweusi aliyenaswa nyumbani kwa wazazi wa demu wake wa kizungu, kapambana katoka, yuko barabarani juu ya huyo demu, taa za polisi zinawaka. Muvi zote za dunia taa za polisi maana yake umepona. Kwake yeye, mweusi, damu mwilini, mzungu chini, taa zile ndo hofu kubwa kuliko yote iliyopita. Bandani bila mtafsiri watu walielewa wenyewe, wakasema "kaisha huyu". Kumbe ni mshikaji wake. Peele alipiga na mwisho mwingine ambao ni polisi kweli na Chris anaishia jela, akaubadilisha, na nadhani alifanya vizuri, zile sekunde chache za taa zimeshasema yote.

Sasa Bongo. Sitaki kutukana mtu, ila tunavyo vijisheria vyetu na hakuna anayevigusa. Lazima gari liingie getini, tulione linavyofunguliwa geti, linavyopaki, mtu anavyoshuka. Muhalifu lazima aishie jela au kwa mchungaji. Siri lazima mtu aisimulie kwa mdomo sebuleni mwingine kajificha kwenye pazia. Alafu sehemu ya pili. Tukilalamika tunaambiwa bajeti. Psycho yenyewe Hitchcock aliipiga kwa kama dola 800,000, kwa Hollywood hiyo ilikua hela ndogo, akatumia kikosi cha kipindi chake cha TV. Steven Spielberg mwaka 1971 katengeneza Duel, muvi ya TV, kigari kimoja, lori moja la mafuta, barabara, na dereva wa lori humuoni sura mpaka mwisho, hujui anataka nini. Sisi tuna barabara ya Kasulu mpaka Nyakanazi na malori kibao ya Burundi. Tuna treni inayolala njiani. Tuna ziwa ambalo mchana kweupe unaona Kongo ng'ambo na hakuna pa kujificha katikati. Nipe watu wanne kwenye mtumbwi na mmoja anajua kitu ambacho wengine hawajui, na sisi watazamaji tunajua, na injini imezima. Hela ya nini tena hapo.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya ugomvi wa Andhadhun, ile ya Sriram Raghavan ya 2018. Mpiga kinanda anajifanya kipofu, anaingia nyumba ya watu kupiga, anaona maiti iko sakafuni na inabidi aendelee kupiga kinanda kama hajaona. Kwenye sini hiyo we ndo unageuka mtafsiri, unajua anachokiona na unaomba macho yake yasicheze. Baadae mama mwenye nyumba ile anampofusha kweli. Mwisho yuko Ulaya, anamsimulia msichana wake wa zamani yote yaliyotokea, msichana anaondoka, jamaa anatembea na fimbo yake, anafika kwenye kopo barabarani analipiga linaruka pembeni. Imeisha. Binamu yangu anasema ile bahati tu, kipofu yeyote mwenye fimbo anaweza kupiga kopo. Mi nasema anaona, na kama anaona basi ile stori yote aliyoisimulia ni uongo na yule mama alitolewa macho. Tumebishana mpaka mwezi umeisha na yeye karudi ziwani, na flashi yangu yenye hiyo muvi kaondoka nayo.